Kusapa, Kujisikia, Kuwa Yanke: Mambo Haya Yalitoka Wapi?



Katika bweni letu kuna maneno matatu yanayosikika kila siku kupita maneno ya kitabu chochote cha masomo. Kijana anayevaa vizuri, wanasema anasapa. Yule asiyeogopa mutu, anayejua kujitetea, huyo ni yanke. Na kama jambo linapendeza, siku hizi mutu anajibu "poa" tu, hata kama swali lilikuwa la hesabu. Mwalimu mumoja alituambia kwamba mambo haya yote ni takataka za Kinshasa na za Ulaya zilizofika kwetu ndani ya telefone. Mwanafunzi mumoja akajibu kwamba hapana, ni maendeleo. Mimi ninaona wote wawili walijibu mbio sana. Maneno haya yako na wazazi wao na safari yao, na safari ingine ilipita hapa hapa Maniema mbele ya kufika Kinshasa. Nimesoma nilichoweza kupata, nimeuliza wazee, na sasa ninapenda kuwaeleza.

Tuanze na wangwana, kwa sababu ni wao tunaowasahau.

Wengi wanafikiri kwamba kujionyesha kwa nguo kulianza na Papa Wemba. Lakini miaka mia moja mbele yake watu wa huku walikwisha kujua vizuri namna kanzu inaweza kumufanya mutu kuwa mukubwa. Kutoka miaka ya 1860 wafanya biashara wa Unguja na wa pwani waliingia Maniema kutafuta pembe za tembo na watumwa. Soko lao kubwa lilikuwa Nyangwe, kisha Kasongo. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871, na katika mwezi wa saba wa mwaka ule aliona kwa macho yake namna watu wa wafanya biashara walivyopiga bunduki sokoni na kuua watu wengi, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula. Hamed bin Muhammed, yule tunayemuita Tippu Tip, alitawala toka Kasongo. Tusifiche kitu: vijiji viliunguzwa, watu walifungwa minyororo.

Sasa tazama jambo la kushangaza. Katika mateso yale yale, vijana wengi wa Maniema walitaka kuwa kama wale waliowatesa. Walivaa kanzu nyeupe na kofia, walikula muchele, walisema Kiswahili, wengine wakafuata Islamu, na walijiita wangwana. Kule pwani muungwana maana yake ni mutu huru, si mutumwa, mutu mwenye adabu. Kinyume chake ni mushenzi. Basi kijana aliyechukuliwa mateka akiwa mutoto, akakomea katika nyumba ya tajiri, akapewa bunduki na kanzu, siku aliporudi kijijini alikuwa mungwana. Ndugu zake waliobaki wanavaa nguo ya magome ya miti ndio waliitwa washenzi. Damu ni moja, mama ni mumoja, tofauti ni kitambaa.

Na kitambaa chenyewe, kilitoka wapi? Kingi chake kiliitwa amerikani, kwa sababu kilifumwa katika viwanda vya Marekani, katika jimbo la Massachusetts. Meli zilikileta Unguja, wapagazi wakakibeba kwa kichwa paka huku. Kilikuwa nguo na tena kilikuwa feza: watu walilipwa kwa mikono ya amerikani. Kwa hiyo wakati baba anamugombeza mutoto ati "mumeanza kupenda vitu vya Amerika", ajue kwamba mambo hayo yako na umri wa zaidi ya miaka mia moja na makumi tano.

Na lugha ninayoandika sasa hivi? Wazungu waliiita Kingwana, ni kusema lugha ya wangwana. Mwaka 1928 wamisionari Waprotestanti, John Whitehead na L. F. Whitehead, walitoa kule Wayika kitabu kilichoitwa Manuel de Kingwana. Babu za babu zetu hawakujifunza Kiswahili kwa kujionyesha tu, biashara na kazi zilikuwako pia, na woga ulikuwako. Lakini kujionyesha kulikuwa ndani. Kusema Kiswahili mbele ya watu wa kijiji ilikuwa sawa na leo kijana anaporudi toka Kinshasa na kutupa Lingala katikati ya kila neno, hata mbele ya bibi yake asiyesikia kitu.

Kule Unguja mambo yalikwenda namna ingine, na ninapenda kuyasema kidogo kwa sababu yanatufundisha. Mutumwa hakuwa na ruhusa ya kujifunika kichwa wala kuvaa viatu mbele ya wakubwa. Wanawake watumwa walivaa kaniki, kitambaa cheusi-cheusi. Mwaka 1897 sheria ya utumwa ilipoondolewa, waliokuwa watumwa walifanya nini? Walinunua kofia. Walinunua viatu. Wanawake waliacha kaniki wakavaa kanga za maua. Tajiri wa zamani akipita njiani alikuta watu wote wamefunika vichwa kama yeye. Sasa jiulize, ile ilikuwa kiburi? Mimi sioni hivyo. Mutu aliyekatazwa kofia miaka yote, kofia yake si kofia tu.

Kisha wakafika Wabelgiji, wakawapiga Waarabu katika vita ya 1892 mpaka 1894, na kanzu ikaanguka beyi. Kipimo kipya kikawa koti, kravate, viatu vyeusi na Kifaransa. Kilele chake kilikuwa wale walioitwa évolué, watu "waliokwisha kupanda". Mwaka 1948 serkali ya koloni ilitoa karte ya heshima kwa ajili yao, na mwaka 1952 ikatoa ingine kubwa zaidi, immatriculation. Kuipata haikuwa kazi ya mikono tu na mukanda. Watu wa serkali walikuja nyumbani kwako kutazama namna unavyoishi, kama unakula mezani na kanya, kama nyumba ni safi, kama bibi yako anajua kupokea wageni. Walioipata katika Kongo muzima walikuwa wachache sana. Patrice Lumumba alikuwa mumoja wao, mwaka 1954, na mara ya kwanza walimukatalia. Mbele ya kwenda Stanleyville, wakati wa vita ya pili ya dunia, kijana huyu alifanya kazi ya karani kwa kompani ya Symetain kule Kalima, ni kusema katika jimbo letu hili. Ukitazama picha zake, kravate ndogo ya kipepeo, miwani, nywele zilizogawanywa kwa mustari, unaona mutu aliyejifunza kila sheria ya wakubwa wake. Kisha alitumia nguo ile ile kusimama mbele ya mufalme wa Ubelgiji, siku ya 30 Juni 1960, na kumuambia maneno ambayo hakutazamia.

Hapa ninaona jambo moja ambalo vitabu vinaeleza kwa maneno marefu. Alama ya ukubwa inatoka kwa wenye nguvu. Wadogo wanaiga. Lakini ikifika katika mikono ya wadogo haibaki ile ile: inaweza kugeuka kuwa mucheko juu ya mukubwa, ao kuwa vita. Mujerumani Georg Simmel aliandika juu ya mode mwaka 1904 kwamba walioko chini wanaiga walioko juu, na walioko juu wakiona wameigwa wanakimbilia kitu kipya, na mbio hizi hazina mwisho. Hatuhitaji kwenda Ujerumani kuona. Mwaka jana mukaba wenye kichwa kikubwa cha chuma ulikuwa wa kalasi ya tano na ya sita tu. Siku vijana wadogo wa kalasi ya kwanza walipoupata sokoni, wakubwa wote waliuvua katika juma moja.

Sasa yanke.

Neno hili ni Yankee, namna watu wanavyomuita Mumarekani. Lilifika katika mitaa ya Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, katika miaka ya 1950, pamoja na sinema. Filamu zilikuwa za kauboi: farasi, bastola, kofia pana. Vijana wa mitaa walizipenda sana wakajiita Ma-Bills, jina la Buffalo Bill. Walivaa kama kauboi, mitaa yao wakaipa majina kama Texas na Dallas, wakatunga lugha yao, Indoubil, muchanganyiko wa Lingala, Kifaransa na maneno mengine, ili wazazi wasisikie. Padri mumoja Mubelgiji, Joseph de Laet, aliona kwamba kuwafukuza hakusaidii, akaingia katikati yao na kuwafundisha kazi, na wao wenyewe wakamuita Père Buffalo. (Ninamutaja kwa makusudi, hata kama hakuwa wa kanisa letu. Wakubwa wa disiplini watanisamehe.)

Lakini huyu Buffalo Bill alikuwa nani? Jina lake lilikuwa William Cody, alizaliwa mwaka 1846, akafa 1917. Aliitwa Buffalo kwa sababu aliua nyama ile, nyati wa Marekani, kwa wingi sana. Kutoka mwaka 1883 alitembeza mchezo wake mukubwa katika miji ya Marekani na kisha Ulaya, farasi na bunduki na Wahindi Wekundu waliolipwa kucheza vita ambayo kwa kweli walikuwa wamekwisha kuishindwa. Ni kusema yule kauboi wa sinema alikuwa mchezo tangu mwanzo. Vijana wa Kongo, watu walionyanganywa inchi yao na wageni, walichagua kuwa upande wa aliyenyanganya! Ni sawasawa na wangwana. Sitaki kuwacheka. Mutoto anayepigwa anapenda kuwa na bakora, hapendi kuwa na mugongo. Tena mu-Bill hakuwa muzungu. Alikuwa kijana bila kazi aliyejipa jina ambalo polisi wa koloni hawakumupa.

Kauboi huyu alifanya kazi ingine tena. Sigara za Marlboro, toka mwaka 1924, zilikuwa sigara za wanawake. Katika miaka ya 1954 na 1955 wenye kompani walitaka kuuza kwa wanaume, basi wakaweka kauboi katika matangazo. Tumbako ilikuwa ya kuuzwa kama mbele, mapafu yalikuwa yale yale. Kilichoongezwa ni picha ya mutu anayejisikia. Leo kijana anayevuta nyuma ya vyoo vyetu anafikiri ameamua mwenyewe.

Ninafika kwenye sape, na hapa nitakaa zaidi.

Sape ni herufi za kwanza za Société des Ambianceurs et des Personnes Élégantes. Haikuzaliwa Kinshasa, ilizaliwa ngambo ya muto, Brazzaville. Wakati wa Wafaransa, maboyi wa nyumba walipewa nguo za zamani za mabwana zao, mara zingine kama sehemu ya mushahara. Walikuwako tena watu wa pwani ya magaribi, toka Dahomey na Gold Coast, waliokuja kufanya kazi za ukarani, wakitembea na fimbo na kofia nzuri. Hao walionyesha kwamba mutu mweusi anaweza kuvaa vizuri kupita bwana wake. Wasapeur wenyewe wanapenda kusema kwamba sapeur mukubwa wa kwanza alikuwa André Matsoua. Mutu huyu alianzisha Amicale kule Paris mwaka 1926 kwa kutetea watu wa Kongo, Wafaransa wakamukamata na kumuhukumu Brazzaville mwaka 1930, akafa katika kifungo mwaka 1942. Kama alipenda nguo ao hapana, si neno. Jambo la kuangalia ni kwamba wapenda nguo walitaka babu yao awe mutu wa siasa aliyefungwa. Hawakumuchagua tajiri.

Kwetu, ngambo hii, mambo yalichochewa na Mobutu bila kutaka. Tarehe 27 Oktoba 1971 inchi ikaitwa Zaïre, mwaka uliofuata majina ya Kikristo yakakatazwa, na kostimu na kravate vikafukuzwa. Mahali pake ikaja abakosti, ni kusema "à bas le costume", chini na kostimu. Wanawake walikatazwa pantalo, jupe fupi na nywele za bandia, wakaambiwa kuvaa kikwembe. Sababu ilikuwa nzuri kusikia: turudi kwa vitu vya kwetu. Lakini abakosti ya Mobutu na ya wakubwa wake ilishonwa Zellik, kijiji cha Ubelgiji karibu na Bruxelles, katika nyumba ya Arzoni. Na kikwembe cha wax kinachopendwa kupita vyote kinatoka kwa Vlisco, kiwanda cha Helmond kule Uholanzi kilichoanza mwaka 1846, nacho kilikuwa kinaiga vitambaa vya watu wa Java. Sisemi kikwembe si chetu. Ninasema kimekuwa chetu kwa sababu mama zetu wamekivaa, wamekipa majina, wamezaa na kuzika ndani yake, si kwa sababu kilitoka katika udongo wetu.

Basi katika inchi ambamo kravate ilikuwa makosa, kijana mumoja mwimbaji alivaa kostimu. Papa Wemba alizaliwa 14 Juni 1949 huko Lubefu, Sankuru, jirani zetu wa magaribi, na jina lake lilikuwa Jules Shungu Wembadio. Mama yake alikuwa mwimbaji wa matanga, mutu anayeitwa kuwalilia wafu. Yeye alikuwa kati ya wale walioanza Zaiko Langa Langa mwaka 1969, na mwaka 1977 akaunda Viva la Musica katika mutaa wa Matonge. Mavazi yake na ya vijana waliomufuata yalisema jambo ambalo mudomo haukuweza kusema wakati ule wa chama kimoja. Ndiyo ajabu ya kravate katika inchi hii: kwa Lumumba ilikuwa kumutii Mubelgiji, kwa Papa Wemba ilikuwa kutomutii Mobutu. Kitambaa kile kile. Mobutu aliruhusu tena kravate tarehe 24 Aprili 1990, siku aliyotangaza mwisho wa chama kimoja. Papa Wemba alikufa tarehe 24 Aprili 2016, akianguka jukwaani Abidjan mbele ya watu. Siku ile ile, miaka 26 kisha. Ninayaandika tu kwa sababu yalinishangaza.

Lakini tusiimbe sifa tu. Sape iko na sheria nzuri: usafi, rangi zisizidi tatu kwa wale wa Brazzaville, kutopigana, kusema na watu kwa heshima. Iko tena na njaa. Kuna watu waliolala bila kula ili kununua viatu vya Weston ao koti la Yohji Yamamoto la Japani, vitu ambavyo beyi ya kimoja inaweza kulisha jamaa miezi mingi. Ulaya ikawa paradiso, wakaiita Mikili, na kwenda kule kwa njia yoyote ikawa kipimo cha mwanaume. Stervos Niarcos, rafiki ya Papa Wemba, yeye aliyeifanya sape kuwa kama dini na kuiita Kitendi, ni kusema kitambaa, alikufa katika gereza la Ufaransa mwaka 1995. Papa Wemba mwenyewe alikamatwa Ufaransa mwaka 2003 juu ya kupitisha watu bila mikanda ya kweli kana kwamba ni watu wa muziki wake, na mwaka 2004 mahakama ikamuhukumu. Dini yoyote inayodai watoto wake wauze shamba la mama kwa ajili ya koti, mimi ninaiogopa. Tena mutume Yakobo, katika barua yake, sura ya pili, amekwisha kusema juu ya wale wanaomupa mutu wa pete na nguo za kungaa kiti cha mbele. Ni aibu kwamba hata katika kapela yetu viti vile viko.

Na faida ilikwenda wapi? Mwaka 2009 Daniele Tamagni, Muitalia mupiga picha, alitoa kitabu cha picha za wasapeur wa Bacongo, mutaa wa Brazzaville. Mwaka 2010 mushoni mukubwa wa Uingereza, Paul Smith, akatoa nguo zilizofuata rangi zile. Mwaka 2014 bia ya Guinness ikawatumia wasapeur katika matangazo yake. Kostimu ilitoka Ulaya kama nguo kuukuu ya boyi, ikakaa kwetu miaka mia moja, ikarudi Ulaya na maarifa mapya, na kule ikauzwa beyi ya juu. Watu wa mitindo wanafanya hivyo kila siku. Mwaka 1997 Malcolm Gladwell, mwandishi, alieleza katika gazeti The New Yorker kazi ya watu wanaolipwa na kompani za viatu kutembea katika mitaa ya masikini na kutazama vijana wanavaa nini, ili kiwanda kikifanye na kukiuza tena kwa vijana wale wale. Kumbe hata wao hawajui mode inatoka wapi. Wanakuja kuuliza kwa asiye na kitu.

Pantalo ya jini ilipita njia hiyo hiyo. Mwaka 1873 Levi Strauss na mushoni Jacob Davis walipata haki ya kuweka misumari midogo ya shaba kwenye mifuko ya pantalo, ili isipasuke kwa watu wa kazi ngumu, wakata miti na wachimbaji wa madini. Ilikuwa nguo ya creuseur! Kisha sinema za miaka ya 1950 zikaivalisha vijana wazuri, na sasa inauzwa ikiwa imekwisha kupasuliwa magotini. Hapa Punia tuko na watu wengi ambao pantalo zao zimepasuka magotini bila kulipia.

Linabaki neno poa. Hili tumelipokea toka kwa ndugu zetu wa Tanzania na Kenya, na wengi wanafikiri ni tafsiri ya "cool" ya Kingereza. Inawezekana. Lakini hebu tulisikilize vizuri. Kupoa ni kutokuwa na moto. Chakula kinapoa, hasira inapoa, mugonjwa wa homa anapoa. Neno la Kingereza lilichukua maana hii mupya kwa Wamarekani weusi, watu wa muziki wa jazi. Mara nyingi wanamutaja Lester Young, mupiga saksofoni aliyekufa mwaka 1959, na disiki ya Miles Davis ya mwaka 1957 ilikuwa na neno lile katika jina lake. Hawa walikuwa watu waliotukanwa kila siku njiani, na kukasirika mbele ya polisi kungewaua. Kukaa baridi ilikuwa namna ya kuokoka na kubaki mutu. Mwaka 1973 Robert Farris Thompson, mwalimu wa chuo kikubwa cha Yale, aliandika kwamba maarifa haya yalivuka bahari pamoja na watumwa: katika makabila mengi ya Afrika, mutu mukubwa ni yule ambaye moyo wake na uso wake ni baridi wakati wengine wanachemka.

Tukubali ao tukatae, mufano uko karibu. Kwa Warega, kule Pangi na Shabunda, bwami ilikuwa chama cha kupanda cheo kwa cheo. Cheo cha juu kabisa cha wanaume ni kindi, cha wanawake ni kanyamwa. Mukindi aliweza kuvaa kofia yenye mukia wa tembo, na alikuwa na sanamu ndogo za pembe. Kwa macho ni sape kabisa! Lakini Daniel Biebuyck, aliyeishi nao na kutoa kitabu mwaka 1973, anaonyesha kwamba mali peke yake haikumupandisha mutu. Walitazama kama anagawa vitu na ndugu, kama hapendi magomvi, kama anajua mezali nyingi na maana zake, kama anaweza kungoja. Kofia ilikuja mwisho, kama ushuhuda. Serkali ya koloni iliikataza bwami mwaka 1933 na tena 1948. Watu wakubwa ambao hawakupewa ukubwa na serkali walikuwa wanaitia wasiwasi. Mambo ya ibada ya zamani sitayaingia hapa. Ninachoangalia ni mupango: kwanza tabia, kisha kofia. Sisi siku hizi tunaanza na kofia, na tabia tunaiacha.

Ninasema haya yote juu ya nini? Kwa sababu katika mwaka huu wa masomo vijana watatu wa kalasi ya tatu walituacha wakaenda machimboni. Hawakufukuzwa, na feza ya masomo ya wawili ilikuwa imekwisha kulipwa. Nilizungumza na mumoja mbele hajaondoka. Alitaka telefone kubwa na viatu vyenye alama pembeni, vile vinavyoletwa na ndeke ao kwa moto toka Kindu, na kila mutu anavijua. Aliniambia kwamba bila vitu hivi wasichana hawamuoni na wavulana wanamuita wa kijijini. Wa kijijini: ndilo lile neno mushenzi, limebadili nguo tu. Wakati wa Sominki, toka 1976, baba zetu walichimba na mushahara, na picha zao za pantalo pana chini ziko bado ukutani. Beyi ya bati ilipoanguka duniani mwaka 1985, kompani ililegea, mwaka 1997 ikafungwa. Tangu hapo mutu anachimba na mikono yake, bila daktari, bila tabo za kuzuia udongo, na kasiterite anamuuzia mwenye mizani.

Kasiterite hiyo ikiyeyushwa inakuwa bati. Ndani ya kila telefone bati ndilo linalounganisha vitu vidogo vidogo na sahani yake. Kwa hiyo yule kijana, akifikia siku moja kununua telefone yake, labda atakuwa amenunua tena udongo aliouchimba mwenyewe, kilo kwa kilo, na beyi ambayo hakuna mutu wa Punia anayeipanga. Aliposikia hesabu hii alicheka, akasema "poa", akachukua gunia lake. Bado nafasi yake ya kulala iko wazi, na Bwana Prefe amekubali kuiacha wazi mpaka mwanzo wa trimestre ya tatu. Kama mutu anakwenda upande ule, amupe habari.

Kapita wa wanafunzi,
kalasi ya mwisho, Punia